Oksijeni ya Kitanda cha Kumi na Moja

6 Februari

Mdogo wangu, Profesa wa nyumbani,

Najua utasema, si ungepiga simu tu? Kwenye simu wewe unaongea na mimi nasikiliza, ndivyo ulivyo tangu ulipoota meno. Kwenye barua angalau utalazimika kunisoma mpaka mwisho. Basi kaa.

Wodini kwetu kumetokea kifo, na vidole vyote vinanielekea mimi. Unakumbuka nilikuambia tumeletewa programu mpya ya kuangalia hali za wagonjwa. Tunapima vitu vitano: joto, presha, mapigo ya moyo, pumzi, na oksijeni, ile ya kubana kidole. Tunaingiza kwenye kompyuta iliyopo kwenye meza ya wauguzi. Programu inatoa alama kwa kila kipimo, kuanzia sifuri hadi tatu. Sifuri maana yake hapo hakuna hatari. Zikijumlishwa zikafika tano, jina la mgonjwa linakuwa jekundu na daktari anaitwa. Zisipofika, jina ni kijani, unaenda kwa wengine. Na wengine walikuwa thelathini na watatu, sisi wawili tu, mchana kweupe.

Kitanda cha kumi na moja alilala binti mshonaji, miaka ishirini na miwili, mapafu yamemjaa maji. Mcheshi huyo! Aliutazama upindo wa sare yangu akaniuliza, "Sista, aliyekushonea hii mlikuwa na ugomvi?" Saa sita nikampima. Kile cha kubana kidole kilikuwa kimekufa betri, na kingine kilikuwa kimeazimwa chumba cha upasuaji. Nikaingiza vipimo vinne, oksijeni nikaiacha wazi, nikajiambia kikirudi tu naanza na huyu. Jina likabaki kijani. Nikakimbilia wekundu. Saa nane na nusu mama wa kitanda cha kumi akapiga ukelele. Tulikuta midomo ya binti imeshabadilika rangi. Tulihangaika naye dakika arobaini, akatutoka.

Sasa sikiliza. Kamati ya uchunguzi imechapisha rekodi. Inaonyesha alama tu, si vipimo vyenyewe: mahali pa oksijeni pana alama sifuri, na mbele yake jina langu. Wanasema nimeandika kipimo nisichopima. Mtu akilaumiwa kwa kuchelewa anaonywa, yanaisha. Hili la kubuni kipimo ni la kunyang'anywa leseni, na miaka ishirini na sita ya kazi inakwenda na maji.

Mimi sikuandika kitu hapo. Niliacha wazi. Wewe ndiye unayewafundisha watoto wa watu mambo haya, hebu niambie: programu inaweza kuandika kitu yenyewe?

Mama yupo, presha yake inapanda na kushuka. Bado sijamwambia.

Dada yako

*

13 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, tena mara mbili, usiseme sikusoma. Pole sana. Pole kwa yule binti na pole kwako. Najua unavyobeba wagonjwa wako hadi nyumbani.

Imenikuta katikati ya vikao. Tumewekwa watu saba tutunge kozi ya kwanza ya kompyuta, itakayofundishwa vyuo vyote, kwa wale ambao hawajawahi kugusa hata kitufe. Kila mmoja ana dini yake. Mmoja anataka waanze na hesabu mpaka watoke jasho. Mwingine anataka waifungue mashine waone utumbo wake. Mimi nasema, jamani, waonje ushindi siku ya kwanza. Waandike programu fupi, ifanye kazi, watoke darasani wanacheka. Mwanafunzi mpya akiona programu imemgomea na kumtolea maandishi mekundu, kesho humwoni. Maelezo yangu ya somo, yale niliyoyaandika na kuyafutafuta miaka kumi na minne, ndiyo yanayopendekezwa kuwa kitabu cha kozi. Fikiria, Dada! Kura ni tarehe kumi na nane Aprili.

Nirudi kwako. Jambo la kwanza ninalowaambia wanafunzi wangu, kabla hawajakaa vizuri, ni hili: kompyuta haibuni kitu. Haina usingizi, haina njaa, haina ugomvi na mtu. Kilichomo ni kile ambacho mtu amekiingiza. Sikwambii hivi kukuumiza. Ila wagonjwa thelathini na wanne, wauguzi wawili, kidole kinaweza kugusa kitufe na kichwa kisijue. Mimi mwenyewe nimeshatuma barua ya mapenzi kwa mhasibu wa chuo, na sikumbuki kuibonyeza.

Jikaze. Msalimie Mama. Mwambie mwanawe anakaribia kuwa kitabu.

Mdogo wako

*

21 Februari

Profesa,

Mhasibu alijibu nini? Hiyo ndiyo habari, wewe unaiacha njiani.

Nimelizungusha jibu lako kichwani siku nne. Nalala nalo, naamka nalo. Nakwambia niliacha wazi. Naiona kabisa ile nafasi, nyeupe, mshale unapepesa. Lakini tangu barua yako ifike, nikifumba macho namwona mtu anabonyeza namba pale pa oksijeni na mkono ni wangu. Sijui sasa kama ninakumbuka au umenipa wewe.

Umeniandikia mnawafundisha nini siku ya kwanza. Ngoja nikwambie sisi tulifundishwa nini. Mwalimu wetu wa uuguzi, yule mama mfupi tuliyemwita Kengele, aliingia na mkono wa mpira, wa mwanasesere wa kujifunzia. Akatupanga mstari. Akasema kila mmoja aushike, ahesabu mapigo kwa dakika moja, aandike. Mkono wa mpira! Hauna mapigo. Lakini wa mbele yangu alishika, akatazama saa, akaandika, akapita. Unafikiri nani alitaka kuonekana mjinga? Mimi niliandika sabini na mbili. Tulikuwa arobaini, waliosema hawajapata kitu walikuwa watatu. Kengele hakufoka. Alituambia, "Nyie thelathini na saba mmempa maiti uhai," akatutuma nyumbani siku hiyo.

Tangu hapo, kwenye karatasi zetu za zamani, kipimo kikikosekana tulichora mstari, tukaandika "hakikupimwa," sababu yake, na sahihi. Karatasi yenye mstari mtu akiipokea anajua hapa kuna deni la kazi. Kwenye hii programu yenu hakuna pa kuandika hivyo. Niliuliza siku waliyokuja kutufundisha. Kijana mmoja mrefu akaniambia, "Acha wazi tu, Mama, mfumo unajua cha kufanya."

Unajua nini huo mfumo? Ulizia, tafadhali. Wewe una watu huko. Kikao changu ni tarehe kumi Machi.

Dada yako

*

27 Februari

Dada, shikamoo.

Naandika kwa haraka, nina kikao saa tano.

Kwanza huyo kijana mrefu, aliyeiandika programu yenu, namjua. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, tulimwita Kamusi kwa sababu alimeza maelezo yangu yote neno kwa neno. Kazi yake naiamini kama yangu. Hawezi kuandika programu inayotunga vipimo, na mimi siwezi kumwendea mtu wangu nimuulize kama yeye ni tapeli.

Pili, nimeongea na mwenzangu hapa ambaye mkewe amewahi kukaa kwenye kamati za namna hiyo. Anasema wanaobisha ndio wanaokomolewa. Anayekubali kosa, akaeleza uchovu, akaonyesha majuto, hupewa onyo na miezi michache ya mafunzo. Basi.

Na tatu, usinichukie kwa hili. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulishika mkono wa mpira ukaandika sabini na mbili. Hukuwa mwongo, ulikuwa na haraka na aibu. Mtu mzuri anaweza kuandika kipimo ambacho hakipo. Ulifanya mara moja ukiwa msichana, kwa nini isiwe mara ya pili ukiwa umechoka?

Kubali, Dada. Saini, turudi kwenye maisha yetu.

Mdogo wako

*

15 Machi

Mdogo wangu,

Nimesaini.

Waliniwekea karatasi iliyokwisha chapwa: "Ninakiri kwamba niliingiza kipimo cha oksijeni bila kukipima." Nikauliza, naweza kuandika kwamba sikumbuki? Mwenyekiti akasema hapo ni ndiyo au hapana. Nikafikiria barua yako, nikaandika jina langu.

Onyo unalolisema halikuwepo. Leseni imechukuliwa miaka mitatu. Nitakuwa na hamsini na tano nikiruhusiwa kuomba tena. Matroni alinisindikiza kabatini nikatoe vitu vyangu, hakunitazama usoni, na huyo ndiye tuliyegawana naye chumba chuoni.

Ikabidi nimwambie Mama. Unajua Mama alifagia wodi miaka thelathini. Alitandika vitanda ambavyo mimi nilikuja kulazia watu. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja: "Uliandika usichokiona?" Nikasema nimekiri hivyo. Akageukia ukutani.

Sasa nampima presha asubuhi na jioni, kama siku zote. Kila nikimaliza ananitazama na kuniuliza, "Umepima kweli, au umeandika tu?" Mara mbili kwa siku, mdogo wangu. Hasemi kwa hasira. Angekuwa na hasira ningemjibu.

Dada yako

*

23 Machi

Dada yangu,

Nilidhani nakusaidia. Yule mwenzangu nimemwambia mkewe ni mpumbavu, na sasa hatusalimiani, lakini hilo halikurudishii kitu.

Nitafanya ulichoniomba tangu mwanzo. Nimempigia Kamusi. Nimemwambia aje ofisini na programu yenyewe, aniwekee mezani niisome mstari kwa mstari. Amesita, kisha amekubali, atakuja mwezi ujao akipata ruhusa. Sitegemei kukuta kitu. Ni ili wewe na mimi tulale.

Mwambie Mama nitampigia.

Mdogo wako

*

12 Aprili

Dada, shikamoo.

Habari za huko? Huku mvua haikatiki, karatasi zote zinanuka unyevu. Kikao cha mwisho kabla ya kura kilichukua siku nzima. Yule wa hesabu sasa amelainika, yule wa kufungua mashine ameahidiwa wiki mbili za mwisho, kwa hiyo njia nyeupe. Kila mtu ananipongeza mapema, hata mpishi wa chuo.

Nimekuwa na kazi nyingi, ndiyo maana barua imechelewa. Mambo mengine tutaongea yakitulia. Usijisumbue sana na yaliyopita, kula vizuri, lala.

Mama anaendeleaje? Bado anauliza lile swali?

Mdogo wako

*

20 Aprili

Wewe,

Barua gani hiyo uliyoniandikia? Mvua, mpishi, njia nyeupe. Kamusi alikuja au hakuja? Uliiona hiyo programu? Nimeisoma barua yako mbele na nyuma kama vile kuna ukurasa umedondoka.

Nasikia kura mmeshapiga. Hongera, kama umeshinda.

Mama hali yake si nzuri. Miguu imevimba, chakula anaonja vijiko viwili. Tangu mlipoongea kwa simu ile tarehe kumi na tano, na mimi mkanitoa chumbani na siri zenu, hakutaka tena nimpime. Nikija na mashine anauficha mkono chini ya shuka. Nimemwomba jirani, yule fundi wa redio, aje abonyeze, naye hajui anachokisoma, mimi nasimama mlangoni kwangu mwenyewe namsikiliza akinitajia namba. Mama anamwamini fundi wa redio. Hulioni hilo?

Njoo. Na ukija, uje na jibu langu.

Dada yako

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Wageni wote wameondoka. Viti vya kuazima vimerudishwa, nyumba tupu inarudisha mwangwi. Nimefua mashuka ya Mama, kisha nikayafua tena.

Hukukaa. Ulifika asubuhi ya maziko, ukaondoka kesho yake alfajiri na begi lako. Sikulaumu, una kazi. Lakini pale tulipokuwa tunamfukia ulinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza, na nikakuona kabisa unataka kusema kitu. Nikasubiri. Ukasema, "Pole, Dada." Watu mia mbili walikuwa wameshaniambia pole.

Unataka kujua alivyoondoka, hukuuliza ila nakwambia. Ilikuwa saa kumi jioni. Nilikaa naye. Pumzi zilipoanza kuachana nilimshika kifundo cha mkono, kwa mazoea tu, na safari hii hakuuficha. Nikahesabu. Sijui kama aliniachia kwa sababu amenisamehe au kwa sababu hakuwa tena na nguvu za kuuvuta. Hilo nitakwenda nalo kaburini. Nilihesabu mpaka hakukuwa na cha kuhesabu.

Sikuulizi tena kuhusu programu. Nimechoka kuuliza.

Dada yako

*

30 Mei

Dada,

Soma hii ukiwa umekaa.

Hukubuni kipimo. Uliacha wazi, kama ulivyosema tangu barua ya kwanza. Ni programu iliyojaza.

Nimeiona kwa macho yangu hivi karibuni. Kuna mahali inakagua vile vipimo vitano. Ikikuta pa wazi, haisimami, haiulizi. Inaweka alama sifuri na kuendelea kujumlisha, na mbele ya sifuri inaandika jina la aliyefungua ukurasa. Na sifuri humo ndani maana yake ni "salama." Yule binti alikuwa na alama tatu. Oksijeni yake, kama programu ingesimama na kudai ipimwe, kwa hali aliyokufa nayo ingempa tatu nyingine. Sita. Jina lingewaka jekundu saa sita na dakika chache, na daktari angekuja.

Sasa jambo ambalo natamani lingekuwa la mtu mwingine. Ule mstari ni wangu. Siku ya kwanza ya darasa nawapa wanafunzi majedwali ya alama za mitihani watafute wastani. Zamani nilikuwa naacha nafasi moja wazi kwa bahati mbaya, programu zao zinagoma, wanaogopa. Nikatunga dawa: pakiwa wazi, weka sifuri, endelea. Na pembeni nikaandika maneno ya kuchekesha, ambayo mashine haiyasomi, ya kumtia moyo anayeanza: "Tusimame kwa nini? Twende!" Dada, maneno hayo yamo ndani ya programu ya wodi yako. Kamusi hakubadilisha hata nukta. Alitaka wauguzi wasikutane na maandishi mekundu. Nilimfundisha hivyo. Nilimfundisha kwamba kusimama ndiyo kosa.

Wiki hii nimeingia darasani na wanafunzi wapya, na kitabu kipya chenye jina langu. Nikaandika mstari ule ubaoni. Msichana mmoja wa nyuma, mpole, kalamu mdomoni, akauliza, "Mwalimu, kama hatujui alipata ngapi, kwa nini tunasema alipata sifuri?" Miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Walidhani naumwa.

Nimeiandikia kamati ya leseni yako, na kurasa zote nimeambatanisha. Hospitali nimewaandikia wazime programu, na wamezima. Kitabu nimekiondoa. Nimewaambia wale wenzangu sita kwamba somo la kwanza liwe hili: mpe mwanafunzi jedwali lenye mashimo, mwambie atafute wastani, na atakayeleta jibu bila kuuliza kuhusu mashimo arudie mpaka aulize. Huo ni mkono wa mpira wa Kengele wako, Dada, nimekuibia. Kabla ya hesabu, kabla ya utumbo wa mashine, ajifunze kuandika "sijui" mahali ambapo hajui. Wakasema litawakatisha tamaa. Mimi ndiye niliyewafundisha kusema hivyo.

Najua haitoshi. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako

*

6 Juni

Mdogo wangu,

Kamati wamenipigia. Wamepokea makaratasi yako, watakaa upya Septemba, na karani amenong'ona kwamba huenda leseni ikarudi. Wamemwita pia yule kijana. Usimwache peke yake huko ndani, alimwamini mwalimu wake kama mimi nilivyomwamini.

Nimesoma barua yako jikoni, nimekaa kama ulivyoagiza. Nilicheka kwanza. Nilicheka mpaka fundi wa redio akabisha hodi. Miezi minne nimeishi na mkono uliobonyeza namba ya uongo. Nimemwota yule binti ananiuliza kwa nini. Nilifika kwao, hukujua hilo, nikapiga magoti mbele ya baba yake nikamwambia niliandika uongo juu ya mtoto wake. Alinishukuru kwa kusema kweli. Sasa niende nikamwambie nini?

Ile programu ilikuta pa wazi ikajaza bila kuuliza. Haya, ni mashine. Wewe ulikuta nimekwambia kwa mwandiko wangu kwamba niliacha wazi, na ukanijazia. Ukachukua hadithi niliyokupa kwa mapenzi, ya mkono wa mpira, ukaifanya ushahidi. Mtu mmoja tu duniani alinijua toka utotoni na akaijua na hiyo mashine. Ningekuwa mwanafunzi wako wa nyuma ungetoka nje ukakae kwenye ngazi. Mimi ni dada yako, ukaniambia nisaini.

Nimekasirika, na nimefurahi, na nimekasirika kwa sababu nimefurahi na Mama hayupo kuambiwa. Leseni inaweza kurudi. Aliyegeukia ukuta harudi.

Kuna kitu kimoja nimekirudia mara nyingi kwenye barua yako. Umeandika umeiona programu "hivi karibuni." Mimi ni muuguzi, hivi karibuni si muda. Ulimwita Kamusi Machi. Alikuja lini? Nipe tarehe. Usinipe maelezo, usinipe mvua na mpishi.

Dada yako

*

14 Juni

Dada,

Tarehe kumi Aprili, saa nne asubuhi, ofisini kwangu. Kamusi alikaa kiti cha wageni. Nilimwambia asiseme na mtu mpaka kura ipite.

Tarehe kumi na tano Mama aliponipigia, alikutoa chumbani kwa sababu alitaka kuniuliza. Alisema, "Mwanangu, wewe ndiye unayezijua mashine hizo. Nisife na shaka. Dada yako aliandika kitu asichokipima?"

Kura ilikuwa imebaki siku tatu.

Nikamwambia ndiyo.

Mdogo wako